Mimi Sibebi Abiria

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, sijanawa uso, shuka kiunoni, mlango unagongwa. Nafungua, mjumbe huyu hapa. Kavaa shati lake la vikao, mkononi kashika karatasi ya daftari iliyochanwa vibaya upande mmoja. Mjumbe wetu haji kwa mtu alfajiri isipokuwa kwa michango, basi nikaanza kutafuta uongo wa kumpa. Kumbe leo si michango. Leo ni mimi.

"Baba Zawadi, wananchi wamelalamika."

Wananchi! Watu tunaojuana mpaka rangi za mashuka kambani, leo ghafla wamekuwa wananchi. Wanalalamikia bomba la moshi la pikipiki yangu. Majina kumi na manne, yote na sahihi. Jina la kumi na moja ni la mtoto wa darasa la pili, kaandika na shule anayosoma.

Nianzie mbali kidogo, maana mimi si mtu wa fujo.

Nina Honda CG 125. Aliniachia mjomba, Mungu amrehemu, bwana shamba aliyepanda na kushuka nayo vilima vya Mufindi akihimiza watu wapande mahindi kwa mstari. Wanaoijua wanaijua. CG ilitoka 1976, baada ya mainjinia wa Honda kupita kwenye nchi kama zetu na kuona tunavyozitesa pikipiki: oili hatumwagi, cheni hatukazi, watu wanne juu na gunia la mkaa. Wakaona kemshafti ya juu, ile shafti inayofungua valvu, na kale kacheni kake havitufai, wakarudi kwenye vijiti vya kusukuma valvu kama vya zamani. Yaani ni injini iliyobuniwa kwa kuzingatia uzembe wangu mimi. Ndiyo maana ikadumu. Ubaya ni kwamba Wachina nao wakaiona inadumu, wakainakili. Hizo pikipiki za Kichina zilizojaa vijiweni, nyingi ukizifungua unakuta vijiti vile vile. Ni wajukuu. Mimi nimekalia bibi yao mzaa mama, na hakuna hata mmoja anayemwamkia.

Mwezi uliopita nimesimama Buguruni sokoni, napunguziwa bei ya vitunguu, pikipiki naiacha ikiunguruma polepole. Mara ikadidimia nyuma. Nageuka, mama mmoja kashapanda, kakaa upande, ndoo ya dagaa mapajani, anafunga kanga vizuri.

"Twende Vingunguti. Buku."

Nikamwambia kwa heshima zote, mama yangu, mimi sibebi abiria, hiki ni chombo cha kale, ni urithi wa familia. Akanitazama kuanzia kofia ngumu mpaka ndala.

"Haya, buku jero. Usiringe."

Nilimpeleka. Ningefanyaje, na mtu kashakaa? Na hiyo buku jero niliipokea, sitaki maswali hapo.

Usiku huo sikupata usingizi. Nikaona kosa liko kwenye sauti. Chombo cha heshima kinalia taratibu kama cherehani, watu watajuaje? Kijana mmoja wa kijiweni, yule ambaye pikipiki yake ikipita kikombe kinatembea mezani, akanielekeza kwa fundi wake.

Gereji yenyewe ni mkungu mmoja, mashine ya kuchomelea inayonguruma kama nyuki, grenda isiyo na kava, na dogo anayetafuna muwa. Fundi akaizunguka CG mara mbili. Akainama, akaweka kiganja mwisho wa bomba, akasikiliza.

"Mzee, hii inapumua kwa shida."

Nikashtuka. Miaka yote hiyo inapumua mbele yangu, sikujua.

"Wajapani waliiziba makusudi," akasema. Ni kweli kwamba ndani ya lile bomba mna vibomba vingine vyenye matundu na vyumba, moshi unazungushwa humo mpaka kelele zinachoka. Fundi anaviita utumbo. "Tutoe utumbo, au tukuwekee kitu kipya?" Ameuliza kama muuza nyama. Akatoa kwenye kiroba kibomba kifupi kinachong'aa, kimebandikwa jina la kampuni ya Ulaya.

"Orijino hii."

"Mbona jina lina herufi imezidi?"

"Hilo ndilo toleo jipya."

Elfu sabini. Tukashuka, tukashuka, tukagotea hamsini na tano na supu ya fundi juu yangu.

"Dogo! Spana malaya!"

Spana malaya ni ile inayojirekebisha kwa nati yoyote. Dogo akaja na koleo. Fundi akalipokea, kwa sababu tu ndilo lililofika. Mjomba alikuwa akifungua nati zile kwa spana namba kumi, kazipaka oili tangu jana yake, tena akizisemesha. Huyu akabana na koleo, akatoa ulimi nje, akavuta.

Ko.

Wala haukuwa mlio mkubwa. Wenye pikipiki mnaujua. Ni mlio wa stadi, ile bolti inayoshika bomba kwenye injini, inapokatikia kwenye hedi.

Hata dogo aliacha kutafuna. Fundi akakiinua kile kipande juani, akakigeuza huku na huku.

"Mzee, hii ilikuja na ugonjwa wake."

"Ugonjwa gani? Imekaa hapo tangu enzi za Mwalimu!"

"Si ndiyo hapo? Ilikuwa imechoka. Ingekukatikia porini usiku ungesemaje?"

Nikajisikia nasema, "Asante fundi." Nawaapia. Nimetoka kwangu na chombo kizima, mtu kakivunja mbele ya macho yangu, nami namshukuru, tena nusura nimwongezee chapati.

Kuitoa stadi iliyokatika, unachomelea nati juu ya kisiki kilichobaki, halafu unaizungusha pole pole vitoke pamoja. Nati ya kwanza ilibanduka. Ya pili ikashika, fundi akaanza kuizungusha, robo mzunguko, nusu mzunguko, ikang'oka nayo. Akachukua ya tatu, akashusha miwani, akagusa cheche ya kwanza, na mtaa mzima ukasema, "Aaaaah!"

Saa saba mchana. Sina haja ya kueleza, mnaishi nchi hii hii.

Tukakaa. Watu wakaongezeka, maana pikipiki iliyofunguliwa huita watu kuliko maiti ya barabarani. Bodaboda kama wanane, muuza karanga, na mstaafu mmoja mwenye redio ya betri. Kila mtu akawa daktari. Mmoja akasema nitoboe tu tundu la msumari kwa chini. Mwingine akasema nifunge kopo la maziwa ya unga mwishoni, linatoa besi. Wa tatu hakushauri kitu, aliuliza naiuza shilingi ngapi, na alipoambiwa siuzi akauliza tena, safari hii kwa sauti ya kuombolezea. Mstaafu ndiye aliyenichanganya. Alisema Mswahili chombo hiki hakukiita kwa sura yake wala kazi yake, alikiita kwa sauti: piki, piki, piki. Na kuna wanaokiita tukutuku, nao walisikia hivyo. "Sasa wewe," akasema, "ukishabadilisha sauti, nenda kabadilishe na jina kwenye kadi."

Wote walicheka. Nami nililipa karanga za wote, sijui kwa nini.

Umeme ukarudi saa kumi na moja. Kisiki kikatoka, lakini stadi ya kipimo kile hakuna, kwa hiyo upande mmoja bomba likabanwa na nati na upande wa pili likafungwa waya.

"Waya wa muda tu," fundi akanituliza.

"Muda gani?"

"Mpaka ukatike."

Nikapiga kiki. Jamani. Kuku waliruka ukuta. Alamu ya gari la mtu nyumba ya tatu ikaanza kulia. Dogo akakaa chini kwa kicheko, bodaboda wakapiga makofi. Na mimi, mtu wa miaka hamsini na mitatu, mwenye mjukuu, mweka hazina msaidizi wa jumuiya, nikapiga resi tena. Mara tatu. Sijivunii, lakini ilikuwa tamu.

Utamu ukaishia mteremko wa kwanza. Nikiachia resi, pa! Nikiachia tena, pa-pa! Watu wanainama. Kesho yake nikamrudia fundi, akaniambia hapo ndipo raha ilipo, wenzangu wanailipia. Nikafungua plagi mwenyewe, nyeupe kama chaki. Bomba likiwa wazi hewa inazidi mafuta, inabidi kabureta ipewe jeti, kale katundu ka kupitishia mafuta, kubwa zaidi. Na pale penye waya hewa inajipenyeza shingoni, inayakuta mafuta ambayo hayajaungua ndani ya bomba la moto, ndiyo hiyo pa! Fundi akasema hayo ni mambo ya vitabuni. Jeti nimeitafuta Kariakoo duka kwa duka. Kila muuzaji ananiletea ile ile niliyonayo, anaifuta kwenye suruali kwanza ili iwe kubwa. Na nguvu, mkiniuliza, haikuongezeka hata kidogo. Milima naipanda kwa gia ya pili kama zamani, ila mlimani wanadhani ninakuja na helikopta.

Mama Zawadi hanipigii tena simu kuuliza niko wapi. Akinisikia Relini anapasha maharage, nikizima injini yapo mezani.

Msibani niliachia resi getini, nusu ya wafiwa wakalala chini na shehe akairudia dua toka mwanzo.

Trafiki alinipiga mkono. Nikamwambia afande, mimi si bodaboda, hii ni ya kale, ni urithi. Akaandika 10,000. Bajeti ya 2021 iliposhusha faini za pikipiki na bajaji kutoka 30,000 nilishangilia peke yangu sebuleni, sasa nimeiona kwenye simu yangu mwenyewe na nimejisikia bei chee. "Afande, nakwambia ni urithi." Akasema, "Na urithi nao elfu kumi."

Yule mama wa dagaa je? Juzi kanikuta Buguruni pale pale. Hakuuliza hata bei. "Nimekusikia tangu uko kule kwenye taa," akasema, huku anapanda.

Sasa turudi kwa mjumbe, bado kasimama mlangoni. Ananisomea karatasi. Amefika "...na kwa kuwa kelele hizo zinaathiri watoto, wagonjwa na..." mara kwa nje, spika juu ya baiskeli: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, dawa ya panya, dawa ya mende. Mjumbe akanyamaza. Tukasubiri. Baiskeli ikapita taratibu, ikakata kona, ikarudi kwa sababu kule hakuna njia, ikapita tena. Mjumbe akaendelea pale pale alipoachia, "...na wazee." Hakuona kitu! Na karatasini, jina la nne ni la yule mwenye sabufa iliyonipasulia dari. La saba ni la mwenye jogoo anayewika saa nane za usiku kama kalipwa kwa saa. La tisa ndiye aliyefanya kigodoro Ijumaa na Jumamosi yote, akaziba njia kwa turubai, tukapita kwa mgongo wa nyumba kama wezi. Huyo ndiye aliyesaini kwa wino mwekundu!

Hukumu ni kwamba nirudishe bomba la zamani. Nami nataka! Nani amesema sitaki? Nilishalifuata juzi. Dogo kaliuza kwa watu wa vyuma chakavu. Alidhani nimelitupa. Bomba la Mjapani, lenye utumbo wake wote, limepimwa kwa kilo, kanunulia chipsi mayai. Fundi akanipa pole, akaniambia anaweza kunitafutia jingine kama lile. Orijino.

Kwa hiyo mpaka lipatikane, marufuku kuwasha hapa mtaani kabla ya saa mbili asubuhi. Kazini naingia saa moja na nusu. Leo nimeikokota mpaka lami, kilo mia na ushee, mwanga haujatoka vizuri, na watoto wa shule wananiamkia kwa huruma, "Shikamoo babu, imekufa?"

Halafu hiyo dawa ya mende. Niliinunua wiki iliyopita, pakiti buku, jamaa kaniapia kwamba mende akinusa tu habari yake imekwisha. Nikanyunyiza chini ya jiko, nyuma ya kabati, kwenye mashimo ya soketi ambayo hata hivyo hayana umeme. Jana usiku nawasha tochi ya simu, namkuta mmoja kapanda juu ya pakiti yenyewe, anasafisha masharubu. Nataka buku yangu. Lakini yule mtu hasimami, anapita saa kumi na mbili na nusu akiwa kwenye mteremko, na mimi mpaka saa mbili siruhusiwi kuwasha chombo nimfukuzie.