Historia ya Kenya Imo Pia Kwenye Karatasi za Miwa

Mwanafunzi wa kidato cha nne hapa Kakamega atakutajia mikutano ya Lancaster ya 1960, 1962 na 1963, ile ya London iliyojadili katiba ya uhuru wa Kenya, bila kusita. Mwulize maisha ya Mumias yalibadilika vipi kiwanda cha sukari kilipoanza kazi 1973, atanyamaza. Simlaumu. Hajafundishwa kwamba hiyo nayo ni historia.

Ni historia, tena nzito. Shamba lililokuwa likitoa wimbi, mahindi na maharagwe lilipandwa miwa inayokaa karibu miaka miwili kabla ya kukatwa mara ya kwanza. Mkulima aliyekuwa na mkataba na kiwanda alilimiwa, akaletewa mbegu na mbolea kwa mkopo, kisha gharama zote zikakatwa siku ya malipo. Mkataba mara nyingi ulikuwa na jina la baba, kwa kuwa hati ya ardhi ilikuwa yake. Jembe la palizi lilishikwa na mama na watoto. Ni nani aliyepokea pesa, na nyumba ilikula nini wakati wa kuzingoja? Hata hati yenyewe ina asili yake: sera ya kupima na kusajili mashamba ilipata nguvu kwa mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni, wakati wa vita vya Mau Mau. Siasa za nchi zilimfikia mkulima mpakani mwa shamba lake.

Wapo wanaosema wazee wakisimulia mambo haya hutia chumvi. Kweli, wengine hutia. Lakini ripoti za maofisa wa wilaya wa kikoloni ziliandikwa na watu waliotaka kupandishwa cheo, na bado tunazinukuu. Masimulizi na ripoti zipimwe kwa mizani moja.

Kinachoniuma ni kasi tunayopoteza ushahidi. Mzee akifariki, sanduku lake hupekuliwa kutafuta hati ya shamba. Stakabadhi za mzani wa miwa, hati za malipo na daftari za vikundi vya akina mama huishia kuwashia moto. Kiwanda cha Mumias kiliwekwa 2019 chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyoshindwa kulipa madeni, kwa hiyo waliokiona kikifunguliwa na kikianguka bado tunao, ila ni wakongwe.

Vyuo vikuu vya Maseno na Masinde Muliro viko jirani. Viwatume wanafunzi wa historia Mumias, Matungu na Butere, wazipige picha karatasi hizo kwa idhini ya wenyewe na kuwarekodi wazee, wa kike kwanza, kwa lugha wanayoizungumza nyumbani. Likizo ijayo inatosha kuanza.