Friji ya nyumbani si ghala la chanjo ya kuku

Kuku wakifa kwa mdondo (kideri, au ugonjwa wa Newcastle) wiki chache baada ya kuchanjwa, mtu wa kwanza kulaumiwa ni muuzaji wa dawa za mifugo, na neno la kwanza kutamkwa ni "feki". Sikatai kwamba kuna wauzaji wanaostahili lawama, hasa wale wanaopanga chanjo pamoja na soda kwenye friji inayofunguliwa kutwa nzima. Hata hivyo, naamini chanjo nyingi huharibikia mikononi mwetu wafugaji wadogo, kwa sababu ya mazoea ya kununua mapema na kuweka akiba nyumbani.

Chanjo za mdondo na gumboro (ugonjwa mwingine wa virusi, unaoshambulia kuku wachanga) tunazowapa kuku kwa maji ya kunywa au kwa tone la jicho huwa na virusi hai visivyo na makali, vilivyokaushwa ndani ya kichupa. Virusi hivyo vikifa kwa joto au kwa mwanga wa jua, hakuna kitakachomkinga kuku, na ubaya wake ni kwamba jicho halitambui: kidonge kile kikavu hubaki vilevile, na mfugaji huchanja banda zima akiwa na moyo mweupe.

Kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Sasa itazame friji ya familia. Watoto huifungua kila wanapotaka maji, umeme wa LUKU huisha usiku bila mtu kujua, na kichupa mara nyingi huwekwa mlangoni, mahali penye joto linalopanda na kushuka kuliko pengine pote. Wengine, kwa kudhani kwamba baridi ikizidi ndiyo salama zaidi, huitupia kwenye sehemu ya kugandishia, ilhali chanjo za sindano zenye mafuta zikiganda huwa zimekwisha kazi hata zikiyeyushwa. Ikibidi chanjo ilale nyumbani, iwekwe rafu ya katikati, mbali na ukuta wa nyuma, ndani ya kopo lenye mfuniko na pamoja na kipimajoto kidogo. Kopo hilo pia huitenga na chakula, jambo lisilo la kupuuzwa, kwani kirusi cha mdondo kinaweza kumsababishia binadamu uvimbe wa macho.

Ipo chanjo ya mdondo ya I-2, inayozalishwa pia hapa nchini Tanzania, Kibaha, ambayo huvumilia joto kuliko nyingine na imewasaidia sana wafugaji wa vijijini wasio na umeme. Lakini kuvumilia si kutodhurika. Huyo anayeiacha dirishani au mfukoni mwa shati akichapa baiskeli juani hataokolewa na sifa hiyo.

Msimamo wangu ni kwamba chanjo inunuliwe siku ileile ya kuchanja, isafirishwe ndani ya chupa ya chai yenye vipande vya barafu, na itumike yote. Kikwazo ni kwamba vichupa hutengenezwa kwa ajili ya kuku mia moja na kuendelea, ilhali wengi wetu tuna ishirini au thelathini, na hapo ndipo tamaa ya kubakiza huingia. Chanjo za maji ya kunywa zikishachanganywa hudumu saa 2 hivi tu, tena kama maji hayana klorini. Kurudisha mabaki kwenye friji ni kujidanganya. Ni afadhali majirani watatu au wanne wachange fedha, wakubaliane asubuhi moja na kuchanja kwa pamoja, kila baada ya miezi 3 au 4 kwa mdondo. Bei ya kichupa ikigawanywa hivyo haimuumizi mtu.

Mabaki yachemshwe au yatiwe dawa ya kuua vijidudu kabla ya kufukiwa, pamoja na vichupa vyenyewe, ambavyo katika nyumba nyingi nimeviona vikigeuzwa vyombo vya watoto vya kuchezea.