Samaki Aliyekwisha Mtoni, Akabaki Sebuleni

Agosti 2006, vidimbwi vyenye majani mengi karibu na mji wa Hopong, Myanmar, vilitoa samaki ambaye wafugaji wa samaki wa mapambo hawakuwa wamewahi kumwona. Urefu wake kama sentimita mbili, mwili wa bluu iliyokolea wenye vitone vya rangi ya lulu, mapezi yenye mistari myekundu. Picha zikasambaa mtandaoni, na baada ya miezi michache akawa anauzwa katika mabara kadhaa. Jina lake la kisayansi, Celestichthys margaritatus (leo anaitwa Danio margaritatus), lilitangazwa mwaka 2007, wakati yeye tayari anaogelea kwenye matangi ya watu. Punde zikaja taarifa kwamba vidimbwi vile vimevuliwa kupita kiasi na huenda samaki huyu akatoweka hata kabla hajafahamika vizuri.

Hakutoweka. Vilipatikana vidimbwi vingine anakoishi, na wafugaji wakabaini kwamba hutaga bila taabu kwenye tangi dogo lenye mimea mingi. Siku hizi wengi wa wanaouzwa wamezaliwa matangini. Ndiyo maana kisa hiki hutajwa na pande zote mbili za mjadala wa kufuga samaki adimu nyumbani: anayepinga husimulia nusu ya kwanza, anayetetea husimulia nusu ya pili. Mimi nasema nusu ya pili ilikuwa bahati. Wakati wa kununua hakuna aliyejua kama kuna vidimbwi vingine, wala kama samaki huyu angekubali kuzaa kifungoni.

Bahati hiyo hawaipati wote. Sahyadria denisonii, samaki mwenye mstari mwekundu ubavuni anayetoka kwenye vijito vya milima ya Ghats Magharibi kusini mwa India, alipopata soko la nje alivuliwa kwa wingi. Kumzalisha kwenye tangi la nyumbani ni kazi ngumu, kwa hiyo mahitaji mengi yaliangukia mtoni, na leo IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, inamhesabu miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka. Ubaya wa soko la samaki adimu ni kwamba uadimu wenyewe ndio bidhaa. Samaki wa kula akipungua, mvuvi huhamia kwa samaki mwingine. Samaki wa mapambo akipungua, bei hupanda na safari ya kumfuata hulipa zaidi.

Lakini usikimbilie kusema basi tununue waliozalishwa tu. Huko Barcelos, kando ya Rio Negro nchini Brazili, familia nyingi zimeishi kwa kuvua Paracheirodon axelrodi, yule samaki mdogo wa mstari wa bluu na nyekundu anayefahamika na karibu kila mwenye tangi. Wengi wa samaki hao hawavuki kiangazi, maji yakishuka hufa kwa makundi, na wavuvi hutumia nyavu za mkono na mitumbwi. Anayeishi kwa samaki hao ana sababu ya kuulinda msitu unaofurika maji, maana ndimo wanamokulia. Mashamba ya ufugaji ya nchi za mbali yakimzalisha samaki huyo kwa bei nafuu, mvuvi wa Barcelos atalazimika kutafuta riziki nyingine, pengine ya shoka au ya kuchimba dhahabu. Hapo samaki wa shambani, anayeonekana msafi machoni pa mnunuzi, ndiye anayeweza kuugharimu mto.

Tena adui mkubwa wa samaki wadogo mara nyingi si wavu wa mfanyabiashara. Kwenye vinamasi vya mboji vya Sumatra na Borneo, ambako maji ni meusi kama chai na yenye tindikali kali, huishi samaki wa jenasi ya Parosphromenus wasiozidi urefu wa kidole. Kinamasi kikikaushwa ili kupandwa michikichi, wanaondoka wote kwa mpigo. Kumlaumu mtu mwenye jozi moja ya samaki hao kwenye tangi la lita 20 ni kuacha moto ukapige teke majivu.

Watetezi wana kisa chao cha fahari. Zoogoneticus tequila, samaki wa chemchemi za Teuchitlán nchini Meksiko, alitoweka kabisa kwenye makazi yake, lakini wafugaji wa Ulaya walikuwa bado naye. Mwaka 1998 bustani ya wanyama ya Chester, Uingereza, ilipeleka jozi tano katika chuo kikuu cha Michoacán. Vizazi vyao vilizoezwa kwanza kwenye madimbwi yenye wadudu na mahasimu, kisha samaki wapatao 1,500 wakarudishwa mtoni.

Kisa hicho nakipenda, ila husimuliwa kana kwamba kila mwenye tangi ni mhifadhi. Si kweli. Tanichthys albonubes wa mlima Baiyun, karibu na Guangzhou, alidhaniwa amekwisha porini kufikia mwaka 1980, ilhali matangini alijaa tele (baadaye mabaki machache ya porini yalipatikana). Wale wa matangini wamezalishwa kwa miongo mingi bila mtu kuandika asili yao, wengine wakachaguliwa rangi ya dhahabu au mapezi marefu. Furu wa Ziwa Victoria nao, walioliwa na sangara kwa makundi, wapo wanaofugwa mbali na ziwa lao. Ukiweka aina mbili za furu zilizo karibu kiukoo kwenye tangi moja, watazaa machotara, na baada ya vizazi vichache una samaki wazuri wasio wa mahali popote.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mfugaji si kama samaki wake ni adimu. Muulize ametoka kijito gani, kizazi cha ngapi, na nani mwingine anaye endapo umeme utakatika usiku kucha. Muulize pia kama aliwahi kumwaga waliozidi mtoni. Akisema ndiyo, mazungumzo yameishia hapo. Wanaofuga Nothobranchius, samaki wa madimbwi ya msimu ya Afrika Mashariki, wamelizoea swali la asili ya samaki. Mayai ya samaki hao hustahimili ukavu wa miezi ndani ya tope, hivyo husafirishwa kwa bahasha, yakiwa kwenye mboji yenye unyevu ndani ya mfuko wa plastiki. Juu ya mfuko huandikwa spishi, tarehe, na dimbwi walikotoka wazazi wa kwanza. Mfuko ukipoteza maandishi hayo, mayai yatatotolewa vilevile ukiyamwagia maji, na madume yatakuwa na rangi zilezile za kung'aa. Ila dimbwi lao hakuna tena wa kulitaja.