Sofia Goggia: sifa na lawama zinazokosea mahali

Januari 23, 2022, Sofia Goggia, Mwitalia anayeshindana kuteleza kwenye theluji milimani, alianguka vibaya katika mbio za supa-G (mbio za kasi zenye kona nyingi kuliko za kushuka) huko Cortina d'Ampezzo, Italia, siku moja baada ya kushinda mbio za kushuka mlima hapohapo. Kano ya mbele ya goti lake la kushoto, goti lililokwishafanyiwa upasuaji miaka ya nyuma, ilichanika kiasi, na mfupa mwembamba wa mguu ukapata ufa. Ilibidi bendera ya Italia aliyokuwa aibebe katika ufunguzi wa Olimpiki ya Majira ya Baridi ikabidhiwe kwa Michela Moioli. Siku 23 baada ya kuanguka, Goggia alisimama juu ya mteremko wa Yanqing, nje ya Beijing, akashuka, akamaliza wa pili. Kilichomtenganisha na dhahabu ya Corinne Suter wa Uswisi kilikuwa sekunde 0.16.

Tangu siku ile, wanaomzungumzia wamegawanyika. Wapo wanaomwona shujaa ambaye maumivu hayamwezi. Wapo wanaomwona mtu asiyejua kujizuia, anayeuvunja mwili wake mwenyewe kisha anapigiwa makofi kwa kuuvunja. Kila upande una hoja nzito, na nitazipima. Lakini nikiitazama historia yake yote ya majeraha, naona sifa zinamwagwa mahali pasipostahili, na lawama vilevile.

Mbio za kushuka ndizo za kasi kuliko zote katika mchezo wa kuteleza kwenye theluji milimani. Mchezaji anashuka mara moja tu. Hakuna raundi ya pili ya kusahihisha kosa. Mwendo unavuka kilomita 100 kwa saa kwa urahisi, na mwenye kushinda hushinda kwa tofauti ya pumzi moja. Goggia alipotwaa dhahabu ya Olimpiki Korea Kusini mwaka 2018, akiwa mwanamke wa kwanza wa Italia kushinda mbio hizo, alimtangulia Ragnhild Mowinckel wa Norway kwa sekunde 0.09. Ametwaa taji la msimu la Kombe la Dunia katika mbio za kushuka mara nne: 2018, 2021, 2022 na 2023.

Wanaomlaumu huanzia kwenye mtindo wake, na ni kweli kwamba hatelezi kwa tahadhari. Hukata kona karibu na nguzo zinazoonyesha njia kuliko wenzake, huruhusu mwili uyumbe hadi ukingoni kabisa mwa kuanguka, kisha huurudisha kwa nguvu za mapaja. Ukimtazama, mara tatu au nne katika mteremko mmoja unaamini kwamba kaanguka. Hoja yao ni ile ya wahenga, mwenda pole hajikwai: angepunguza kidogo, angemaliza msimu mzima akiwa na miguu miwili mizima.

Hoja hiyo inasahau hesabu. Ushindi ukiwa wa sekunde 0.09, hakuna "kidogo" cha kupunguza. Kuna waliojaaliwa kuteleza kwa utulivu na bado wakawa na kasi. Yeye hakujaaliwa hivyo, na kasi yake inatoka palepale hatari yake inapotoka. Kumwambia atulize mtindo ni kumwambia akubali nafasi ya nane. Mtu anaweza kumpa ushauri huo kwa mapenzi kabisa, lakini asidhani anampa ushauri mdogo.

Na kuna jambo kubwa zaidi ambalo lawama hizi hulikosa. Tuyapange majeraha yake makuu. Desemba 2013 aliumia goti katika mbio za Lake Louise, Kanada, akaikosa Olimpiki ya Sochi, Urusi, ya mwaka 2014. Oktoba 2018 alivunjika kifundo cha mguu wa kulia. Februari 2020 alivunjika mkono wa kushoto katika mbio za Garmisch, Ujerumani. Januari 2021, tena Garmisch, ulivunjika mfupa wa muundi wa kulia, pale juu unapokutana na goti. Ikafuata Cortina 2022. Desemba mwaka huohuo aligonga nguzo huko St. Moritz, Uswisi, akavunjika mifupa miwili ya kiganja cha kushoto. Jioni akapelekwa Milan kufanyiwa upasuaji, kesho yake akarudi St. Moritz na kushinda. Februari 5, 2024 muundi wa kulia ulivunjika tena, safari hii upande wa chini pamoja na kifundo, akawekewa bamba la chuma na skrubu saba.

Sasa tazama mguu wa kulia peke yake. Umevunjika mara tatu, na hakuna hata mara moja iliyotokea ndani ya mbio. Mwaka 2018 alikuwa mazoezini kwenye barafu ya Hintertux, Austria. Mwaka 2021 mbio zilikuwa zimeahirishwa kwa sababu ya ukungu, naye alikuwa anateremka tu kurudi bondeni. Baada ya kushinda mbio nne mfululizo za kushuka msimu ule, akayakosa mashindano ya dunia yaliyofanyika nyumbani, Cortina, kwa ajali ya njiani. Mwaka 2024 alikuwa anafanya mazoezi ya slalomu kubwa huko Ponte di Legno, aina ya mbio ambayo kasi yake ni ndogo kuliko ile inayomfanya aitwe mwendawazimu.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya maumivu yake haielezwi na moyo wa kukata na shoka. Inaelezwa na mahali. Siku ya mbio, mteremko una nyavu za usalama pande zote, madaktari wamepangwa kwenye kona, helikopta iko tayari, na Shirikisho la Kimataifa la mchezo huu, FIS, lina wakaguzi wanaoweza kusimamisha kila kitu. Siku ya mazoezi, ulinzi huo hupungua, mara nyingine hupungua sana. Italia imelijua hili kwa uchungu. Oktoba 2024 Matilde Lorenzi, binti wa miaka 19, alianguka mazoezini huko Val Senales na kufariki. Septemba 2025 Matteo Franzoso alifariki baada ya kuanguka mazoezini nchini Chile. Kuanzia msimu wa 2024/25 FIS imelazimisha vesti za mfuko wa hewa katika mbio za kasi, na ni hatua njema, ila vesti hailindi muundi, wala haifungi uwazi wa wavu usiokuwepo.

Nirudi kwenye zile siku 23, kwa kuwa hapo ndipo mjadala unapowaka kwa haki.

Kano ya mbele ya goti kazi yake ni kuuzuia muundi usiteleze kwenda mbele na goti lisijipinde ovyo. Ikichanika kiasi, nyuzi zilizobaki zinafanya sehemu ya kazi, na misuli ya nyuma ya paja ikiwa na nguvu inaweza kusaidia. Goggia alikuwa na misuli hiyo, alikuwa na madaktari wa timu, na alikuwa na akili timamu ya mtu mzima wa miaka 29. Olimpiki huja kila baada ya miaka minne, naye alikwishaikosa moja kwa ajili ya goti. Nani mwenye haki ya kumwambia akae nyumbani? Goti ni lake. Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote upande wa wanaomtetea, na sioni namna ya kuibomoa.

Ninachokataa ni kuitumia medali kama ushahidi. Fedha ya Yanqing inaonyesha kwamba aliweza. Haionyeshi kwamba uamuzi ulikuwa salama. Lindsey Vonn wa Marekani alikwisha kupita njia hiyo. Alichanika kano za goti la kulia Februari 2013 huko Schladming, akaharakisha kurudi kwa ajili ya Sochi, akaliumiza tena mazoezini Novemba, na mwezi uliofuata goti likamlegea katikati ya mbio za Val d'Isère. Sochi akaitazama kama Goggia, kwa mbali. Mwaka 2024, akiwa na miaka 39, alibadilishiwa sehemu ya goti hilo kwa upasuaji. Hiyo ndiyo ankara ambayo huwa haisomwi siku ya medali.

Februari 2026 hoja hii ilirudi Cortina kwenyewe. Vonn, sasa na miaka 41, alikuwa amechanika kano ya goti la kushoto mwishoni mwa Januari huko Crans-Montana, akaamua kushindana hivyohivyo katika mbio za kushuka za Olimpiki. Alianguka sekunde chache baada ya kuanza, akavunjika vibaya mguu wa kushoto, helikopta ikamchukua. Katika mbio hizohizo Goggia alipata shaba. Wengi walisema papo hapo: mnaona sasa? Lakini Vonn mwenyewe alieleza kuwa mkono wake ulinasa kwenye mlango wa njia, yaani nguzo ambazo mchezaji hutakiwa kupita kati yake, na kwamba goti halikuhusika. Kama medali ya 2022 haiuhalalishi uamuzi wa Goggia, basi anguko la 2026 peke yake haliuharamishi uamuzi wa Vonn. Uamuzi hupimwa kwa kile kilichojulikana kabla ya kuanza, na mashabiki hatukipimi hivyo. Tunangoja matokeo, kisha tunatoa hukumu tukidai tuliijua.

Swali linalonisumbua mimi ni saa ya nani iliyotumika. Siku 23 hazikutoka kwa goti. Zilitoka kwa kalenda ya Beijing. Laiti mbio zingekuwa Machi, zingekuwa siku 40, na tungesifu 40. Goggia aliikubali kalenda ile kwa hiari, lakini hiari ya mwanariadha ambaye wadhamini, shirikisho na taifa zima vinamsubiri ina uzito mwingi juu yake, na anayeihesabu hiari hiyo kuwa huru kabisa hajawahi kuufikiria mzigo huo.

Ndiyo maana kurudi kwake ninakokuheshimu zaidi ni kule ambako hakutangazwi sana. Baada ya ajali ya Ponte di Legno, hapakuwa na Olimpiki ya kukimbilia. Mfupa ulihitaji muda wake na ukapewa. Zaidi ya miezi kumi ilipita. Desemba 14, 2024 alirudi katika mbio za kushuka za Beaver Creek, Marekani, akawa wa pili nyuma ya Cornelia Hütter wa Austria. Siku iliyofuata akashinda supa-G. Januari akashinda mbio za kushuka Cortina. Hakuna aliyelia mbele ya kamera kwa sababu mtu amekaa miezi kumi akiinua vyuma na kujifunza upya kukanyaga. Lakini ule ndio ujasiri usio na mashahidi, na matokeo yake yalikuwa mazuri kuliko ya ule wa haraka.

Mtetezi wake atanijibu kwamba Goggia yuleyule ndiye aliyefanya yote mawili, na huwezi kuchukua subira ya 2024 ukaiacha pupa ya 2022. Huenda ni kweli. Mtu wa aina hii haji kwa vipande.

Ila wanaomtazama wanachagua kipande. Wasichana wa miaka 16 na 17 katika timu ndogo za milima ya Alps hawana daktari wa timu ya taifa, wala misuli ya bingwa wa Olimpiki. Wanachokuwa nacho ni simulizi ya siku 23, na pengine kocha anayewakumbusha simulizi hiyo wanapolalamika goti linauma. Kocha huyo ana wajibu wa kuwasimulia pia miezi kumi. Na kabla ya simulizi yoyote, wana haki ya kuteleza kwenye mteremko wa mazoezi wenye nyavu, uliokaguliwa na mtu asiye kocha wao, mwenye mamlaka ya kuufunga asubuhi ileile.