Bomba la Kaboni Litaishia Wapi?

Mwaka 2019, jopo la kitaifa la rufaa za mazingira lilipofuta kibali cha kituo cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa Kwasasi, huku Lamu, Kenya, chenye uwezo wa megawati 1,050, wengi wetu hapa Amu tulidhani jambo limekwisha. Halikuisha. Kila bili ya umeme ipandapo, barazani hapakosi mtu wa kusema kwamba kosa la mradi ule lilikuwa mtambo wa kizamani tu, na kwamba lau makaa yangegeuzwa gesi na kaboni, yaani kaboni dioksaidi ipashayo dunia joto, ikanaswa isitoke hewani, tusingekuwa na sababu ya kukataa.

Hoja hiyo si ya kubezwa. Katika mtambo wa namna hiyo makaa hayateketezwi. Hutiwa ndani ya chombo chenye joto na shinikizo kubwa, pamoja na mvuke na oksijeni isiyotosha kuyaunguza yote, yakatoa mchanganyiko wa haidrojeni na kaboni monoksaidi. Kwa kuwa gesi hiyo imebanwa na haijatawanyika katika hewa, kuiondolea salfa na zebaki ni kwepesi kuliko kusafisha moshi wa dohani. Ikiongezwa mvuke, kaboni monoksaidi hugeuka kaboni dioksaidi, ambayo hutengwa, ikashindiliwa na kuzikwa ardhini, na haidrojeni iliyobaki ndiyo ichomwayo kuzalisha umeme.

Kemia yake, basi, siigombi. Nagombana na hesabu. Kule Kemper, jimbo la Mississippi, Marekani, mtambo uliokusudiwa kunasa takriban asilimia 65 ya kaboni yake ulikadiriwa kugharimu chini ya dola bilioni 3. Gharama ikapita bilioni 7, na mwaka 2017 kazi ya kugeuza makaa kuwa gesi ikaachwa, kituo kikaendelea kwa gesi asilia. Kile cha Edwardsport, Indiana, kinageuza makaa kuwa gesi tangu 2013, ila kaboni hakiinasi.

Upo mfano uliofaulu, nao ndio unaonifikirisha zaidi. Kiwanda kimoja cha Dakota Kaskazini, ambacho hutengeneza gesi wala si umeme, kimekuwa kikipeleka kaboni yake kwa bomba hadi Weyburn, Kanada, tangu mwaka 2000, kwa sababu huko ina mnunuzi: husukumwa visimani ili mafuta yaliyosalia yatoke. Huku kwetu mnunuzi huyo ni nani? Na kazi ya kunasa na kushindilia hula sehemu ya umeme wenyewe, kwa hiyo makaa mengi zaidi yangepakuliwa kando ya mikoko yetu, na majivu yake yangebaki papa hapa, katika nchi ambayo tayari inapata sehemu kubwa ya umeme wake kutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa na upepo wa Turkana.

Atakayerudi Kwasasi na ramani mpya, nitamsikiliza. Aanze kwa kutuonyesha bomba la kaboni linaishia wapi, na ni nani atakayelipia ulinzi wa kaboni iliyozikwa kituo kikishafungwa.