Hofu ya kumchanganya mtoto inailinda lugha isiyohitaji ulinzi

Mtoto akichelewa kusema hapa Mwanza, mshitakiwa hujulikana kabla kesi haijasikilizwa: ni lugha ya bibi yake. Shangazi atasema mnamchanganya, mwalimu wa chekechea atasema hivyo hivyo, na jirani aliyekuja kuchaji simu naye atatoa hukumu. Ushauri wao ni mmoja, chagueni lugha moja mshike hiyo. Ikifika kwenye kuchagua, Kisukuma au Kikerewe ndicho kinachotolewa nje. Kiingereza hakiguswi.

Chukua familia ya aina ambayo mji huu unayo kwa wingi. Mama ni Msukuma, anafanya biashara ya dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, na kwa kuwa baadhi ya wanunuzi wake hutoka Kongo na Burundi, usiku anajifunza Kifaransa kwenye simu. Baba ni Mkerewe. Alifanya kazi kwenye daraja la Kigongo–Busisi, lililojengwa na kampuni za Kichina mpaka likafunguliwa Juni 2025, akatoka na Kichina cha kuombea spana na kutaniana na mafundi. Sasa anataka akijue sawasawa. Wao kwa wao huongea Kiswahili. Watoto wanasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza, na bibi wa Nansio, kisiwani Ukerewe, akija kukaa, nyumba inakuwa na lugha nne za watoto, ukiacha mbili ambazo wazazi wanahangaika nazo. Mtaani wanaitwa wenye tamaa. Mimi nadhani wameona jambo ambalo wanaowasema hawajalipima.

Wanaowasema wana hoja, tena moja ni nzito: muda. Mfanyabiashara wa Mwaloni anayetoka alfajiri na kurudi giza limeingia ana saa moja au mbili za kukaa na mwanawe. Saa hizo zikigawanywa kwa lugha nne, kila moja inapata makombo. Hilo silipingi. Hoja ya pili ni kidato cha kwanza. Sekondari masomo karibu yote hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo limeacha hivyo hivyo. Mzazi aliyewaona watoto wenye akili wakinyamaza darasani kwa kukosa lugha halaumiki akikimbilia Kiingereza mapema. Ya tatu ni ile ya umoja, kwamba lugha za makabila zitatuletea ukabila. Hii naipita haraka: anayemwamkia mama yake "mwangaluka mayu" hajavunja taifa, na Kiswahili cha Mwanza kina nguvu za kutosha.

Lakini hoja ya kuchanganyikiwa yenyewe ina asili yake, na si nzuri. Mwaka 1923 mtafiti D. J. Saer alichapisha matokeo ya kuwapima watoto wapatao 1,400 huko Wales, akasema wa vijijini wenye lugha mbili, Kiwelisi na Kiingereza, wako nyuma kiakili ya wenzao wa lugha moja. Waliokuja baadaye wakaona hakuwa ametenganisha lugha na hali ya maisha ya familia. Mwaka 1962 Elizabeth Peal na Wallace Lambert waliwapima watoto wa miaka kumi huko Montreal, Kanada, safari hii wakilinganisha waliotoka katika maisha yanayofanana, na wa lugha mbili wakaongoza. Kama lugha mbili huongeza akili ni ubishi ambao wataalamu hawajaumaliza. Kwamba huipunguza, hoja hiyo imebaki kwa mashangazi.

Kuna pia suala la namna tunavyohesabu. Utafiti wa Barbara Pearson na wenzake uliochapishwa mwaka 1993, juu ya watoto wa Miami wanaokua na Kihispania na Kiingereza, ulionyesha kwamba ukihesabu maneno ya lugha moja tu mtoto anaweza kuonekana yuko nyuma, ila ukijumlisha lugha zote mbili analingana na wengine. Mtoto mwenye maneno thelathini ya Kiswahili na thelathini ya Kisukuma ataonekana mzito kwa mwalimu anayeyasikia ya Kiswahili peke yake.

Na lawama hii inaumiza. Mtoto mwenye tatizo la kweli la usemi huwa nalo katika lugha zake zote. Asipoitika akiitwa kwa Kiswahili wala kwa Kisukuma, anahitaji kupimwa masikio, na mapema. Familia iliyoambiwa "ni lugha tu, acheni Kisukuma" itaacha Kisukuma na kungoja mwaka mzima, hospitali bado hajafika.

Takwimu ninayoirudia kuliko zote, hata hivyo, inatoka Flanders, upande wa Ubelgiji unaosema Kiholanzi. Mwaka 2007 Annick De Houwer alichapisha matokeo ya kuziuliza familia karibu 1,900 ambazo angalau mzazi mmoja alikuwa na lugha nyingine. Kiholanzi watoto walikipata. Shule na mtaa vilitosha. Ila katika robo hivi ya familia watoto hawakuisema kabisa ile lugha nyingine, japo waliisikia nyumbani kila siku. Pale wazazi wote wawili walipoitumia, na asizidi mmoja aliyetumia pia Kiholanzi, watoto karibu wote waliisema. Pale ilipokuwa ya mzazi mmoja tu, na wote wawili wakawa wanatumia Kiholanzi pia, mambo yalikuwa mabaya sana.

Sasa weka Kiswahili mahali pa Kiholanzi, uende nayo hadi kwa familia yetu. Kisukuma kina mama peke yake. Kikerewe kina baba, na bibi akija. Wote wawili wana Kiswahili muda wote. Hiyo ndiyo hali dhaifu kuliko zote katika hesabu ile, na ndiyo hali ya nyumba nyingi za mjini zilizochanganya makabila, Mjita kaoa Mhaya, Mkuria kaolewa na Mzinza. Kwa hiyo swali kwamba lugha nyingi zitakiua Kiswahili cha mtoto limekaa kichwa chini. Kiswahili atakipata kwenye daladala, kwa dada wa kazi, kwenye katuni, uwanjani. Kiingereza kina shule inayolipiwa ada. Lugha ya bibi haina anayeisimamia ila mtu mmoja aliyechoka, anayerudi usiku, na ambaye kila mtu anamwambia aiache. Ndiyo maana vijana wengi wa mjini hujieleza kwa sentensi ileile: nasikia, ila kuongea siwezi.

Ushauri maarufu wa kila mzazi kushika lugha yake hautoshi kuokoa hali. Ulipata umaarufu kwa kitabu cha mwaka 1913 cha Jules Ronjat, Mfaransa aliyeoa Mjerumani, kuhusu mwanawe Louis. Nyumba yetu ina binamu, wapangaji, dada wa kazi na kaka mkubwa anayetafsiri kila kitu kwa Kiswahili kabla bibi hajamaliza sentensi. Kanuni ya watu watatu mezani haitabiri mengi hapo.

Kifaransa cha mama na Kichina cha baba ninavitetea kwa moyo, ilimradi vibaki vyao. Mama anapochapia Kifaransa mbele ya mwanawe, akacheka na kurudia, mtoto anaona kwamba kukosea ni sehemu ya kujifunza, jambo ambalo madarasa yetu hulifundisha kwa nadra. Wanaosema anaiba muda wa mtoto wasikie pia kwamba muda huo ungeenda kwenye tamthilia. Lakini kumlazimisha mtoto wa miaka mitatu ahesabu kwa Kichina mbele ya wageni ni maonyesho tu.

Ikinibidi kuitoa lugha moja sebuleni, nitakitoa Kiingereza cha kuungaunga. Najua hili litawaudhi wengi, na wanaosoma vitabu vya hadithi na watoto wao kwa Kiingereza siwasemi. Nasema kile cha amri: kaa, kula, acha, lala. Mzazi aliyeishiwa maneno hana utani, hana kisa cha utotoni, hawezi kueleza kwa nini fisi anaogopwa. Mtoto anabaki na mama mwenye maneno hamsini, wakati mama huyohuyo kwa Kisukuma haishiwi.

Hivyo saa ile ya jioni ningeigawa kwa upendeleo. Kisukuma kwa mama, bila aibu, hata mbele ya wageni. Likizo ya Desemba yote Ukerewe, bila kaka mkalimani. Kiingereza kingoje daftari la shule. Kuhusu Kichina cha baba, watoto wakikitaka baadaye, mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umekitaja kama somo la kuchagua, pamoja na Kifaransa na Kiarabu, kwa shule yenye mwalimu. Kikerewe hakimo.