Mnara wa Saa Arusha: ni kweli pako katikati ya Cape Town na Cairo?

Kwenye kipilefti cha Mnara wa Saa hukosi mtu wa kukwambia hapo ndipo katikati ya Cape Town na Cairo. Hoteli ya New Arusha, jirani na mnara, iliwahi kuweka kibao chenye madai hayo. Wajuzi wa ramani hucheka. Mstari mnyoofu kati ya miji hiyo ni kilomita 7,240 hivi, na nusu yake inaangukia Kongo, kati ya Kindu na Kisangani. Hapo wako sahihi.

Ila kibao hakikuhusu mstari mnyoofu wa ndege, kilihusu njia ya barabara. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walipata Tanganyika, na njia yao ya magari toka kusini ilipanda Tunduma, Iringa, Dodoma, Babati, Arusha, kisha Nairobi. Swali la haki ni mji upi kwenye njia hiyo uko sawasawa na ncha zote mbili.

Pima mwenyewe. Mnara uko nyuzi 3.37 kusini, 36.69 mashariki. Tumia kipimo cha mviringo wa dunia, maana ramani ya ukutani huvuta umbali kadiri unavyoiacha ikweta. Hadi Cairo ni kama kilomita 3,750, hadi Cape Town kama 3,880. Yaani pande zake zinapishana kwa 130, na Arusha imekosa nusu kwa kilomita 65 tu, pungufu ya safari ya kwenda Moshi! Nairobi pande zake zinapishana kwa zaidi ya 550, Dodoma karibu 500. Na kuzungukia Arusha kunaongeza kama asilimia 5 tu juu ya ule mstari mnyoofu.

Wengine hugawa latitudo kwa mbili, wakapata nyuzi 1.9 kusini, usawa wa Kajiado, wakadhani wameumaliza ubishi. Wanasahau kuwa Cape Town iko pia mbali sana magharibi, na umbali huo nao unahesabika.

Kwa kilomita za barabara sibishani na mtu. Ukipita Botswana badala ya Zimbabwe, hesabu inabadilika. Kosa la kibao lilikuwa kudai ni hapo hasa. Kwenye njia ile, penye usawa wenyewe ni barabara ya Babati, kati ya Minjingu na Magugu, ambako hakukuwa na hoteli ya kutundika kibao.